Dock Ni Nyumba ya Kuku

Kabla hamjaniletea shikamoo ndefu za kunilainisha, nawaambia mapema kwamba mimi siandiki barua za sifa. Nimestaafu ukalimani wa mahakama, nakaa zangu Likoni, napalilia mchicha wangu, na haupiti muda hanijii mmoja wenu na bahasha ya vyeti. Bibi, nimesoma lugha chuo kikuu, nataka kuwa mkalimani kama wewe. Naam. Navitazama vyeti, vizuri kabisa, vina mihuri ya kung'aa, kisha nauliza jambo moja dogo, na mtu anarudi kwao hajamaliza hata chai.

Wa mwisho kuja alikuwa Zawadi, binti wa jirani yangu wa zamani, siku hizi wako Changamwe. Ana adabu, hilo simnyimi. Nikamwambia anitafsirie maneno mawili tu: "Nilikuwa kizimbani." Hakushusha hata pumzi. "I was in the dock," akasema, na mabega yakapanda. Nikamwuliza, kizimba gani? Akatoa simu. Nikamwuliza, na hiyo dock, dock gani? Akaiuliza simu. Simu ikamwambia gati, yaani pale meli inapofunga. Akanisomea kwa sauti, hana wasiwasi wowote. Mtoto wa watu alimchukua mtu mahali ambapo hakupauliza, akampitisha mahakamani, akamtua bandarini, na simu ikaridhika njia nzima. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Basi nawaandikia nyote kwa mkupuo mmoja, nipate kupalilia kwa amani.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Jeremia wa Frere Town, aliyekuwa mkalimani mkuu wa mahakama yetu. Nisiwadanganye kwamba alikuwa mtu wa kupendeka. Alikuwa na majivuno ya mtu aliyekulia kwenye Kimombo, maana wazee wake walikisoma misheni zamani sana, na alihakikisha hakuna anayelisahau jambo hilo. Alifunga tai hata katika joto la Februari, na tai yenyewe ilikuwa moja, rangi ya maini. Neno "nimekosea" halikuwahi kumtoka. Akikosea, aliifungua kamusi yake kuukuu iliyopoteza jalada, akatafuta na kutafuta mpaka kosa likawa sahihi. Sisi tulimcheka nyuma ya mlango. Mbele yake tulisimama wima.

Lakini alijua kazi. Alinifundisha mambo ambayo kwenye vyeti vyenu sijayaona. Usisimame mbali na shahidi. Mwone mdomo na mikono, kwani watu wa huku nusu ya habari huisema kwa kidevu. Shahidi akisema "mimi", nawe sema "mimi". Usiseme "huyu anasema kwamba", maana wewe hapo hupo, wewe umeazimwa koo. Akitukana, tukana. Akilia, wewe usilie, lakini usiyafute maneno yake machozi. Na kila neno liulize linalala wapi kabla hujalibeba. Hilo la mwisho alilirudia mpaka nikawa naliota.

Hilo la kutukana ninyi limewashinda kabisa. Juzijuzi nilikwenda kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba la binamu yangu. Siku hizi mkalimani anakaa kwake, anaonekana kwenye kioo cha kompyuta, juu suti na chini Mungu ndiye ajuaye. Shahidi akasema, "Huyu bwana ni mwongo na babake alikuwa mwongo." Kijana wenu akafasiri kwamba shahidi ana mashaka kidogo na maelezo ya upande wa pili. Babake hata hakutajwa. Huo si ukalimani, huo ni upishi, tena wa mgonjwa.

Nirudi kwenye dock.

Saa ya chai Mzee Jeremia alikuwa na neno lake la kupendwa, na neno hilo ni dock. Kila mgeni wa ofisini alilishwa dock kabla ya kupewa kiti. Dock ya kwanza, alisema, ni ya meli. Mabaharia wa Uholanzi ndio waliowapa Waingereza, na huenda mwanzo wake ni ule mfereji ambao chombo kikikwama kwenye tope hujichimbia kwa tumbo. Wako wataalamu wanaobisha, na Mzee aliwadharau wote bila kuwajua. Dock ya pili ni ile nyama ya mkia wa mnyama. Mkia ukikatwa, mnyama amefanyiwa dock, na kutoka mkia wakahamia kwenye mshahara, kwani mwajiri naye hukata. Dock ya tatu ni jani la porini huko kwao Uingereza, watoto hujisugulia wakiwashwa na upupu wao. Ya nne ndiyo ile anamosimama mshtakiwa, kizimba cha mahakama. Maneno manne hayana udugu, yamekutana njiani tu yakavaa kanzu moja.

Mimi nilikuwa nikimwambia kwamba hiyo ni lugha ya ajabu, ina maneno mengi kuliko mchanga wa pwani, halafu meli, mkia, jani na mhalifu inawalaza kitanda kimoja. Naye hunijibu, "Binti, asiyejua maana haambiwi maana," kisha anakunywa chai yangu.

Msidhani ilikuwa elimu ya kupoteza wakati. Alikuwapo mwenzetu mmoja, Katana, aliyekuwa akisinzia wakati wa masomo hayo. Siku moja kibarua wa kiwanda amekuja kudai haki yake, meneja akaeleza kwa Kiingereza kwamba mshahara wa mtu huyu ulifanyiwa dock kwa sababu ya utoro. Katana akasimama, akamwambia kibarua kwa sauti safi: "Mshahara wako ulipelekwa bandarini." Yule mtu akafikiri kidogo. "Basi niambiweni gati namba ngapi," akasema, "niufuate." Katana alihamishiwa kwenye masjala, na kule alidumu kwa furaha, kwani majalada hayana maana mbili.

Sasa Bakari.

Bakari wa Mtongwe alikuwa kijana wa umri wenu, kibarua wa kupakia na kupakua mizigo bandarini. Jumamosi moja waya wa shaba ukapotea ghalani, pale pale gatini, baina ya adhuhuri na alasiri. Mlinzi akasema ameona mtu wa kimo cha Bakari akitoka. Kimo cha Bakari ni kimo cha nusu ya vijana wa Mtongwe, lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mgeni kazini alikuwa yeye. Akashikwa. Akipatikana na hatia ni jela, na akitoka jela lango la bandari halimwoni tena. Nyumbani yuko na mama yake mjane, Bi. Mishi, hana mwana mwingine. Wakili hawana. Alichokuwa nacho Bakari ni ukweli wake tu, na ukweli huo ilibidi upitie kwenye koo la Mzee Jeremia.

Hakimu alikuwa mgeni pia, amehamishwa kutoka bara, mtu mpole na Kiswahili chake cha kuombea maji. Alimtegemea Mzee kama kipofu anavyotegemea fimbo. Mimi nilikuwa bado najifunza, nimekaa kwenye benchi la makarani, na sheria ya mwanafunzi ilikuwa kutazama na kufunga mdomo.

Mwendesha mashtaka, inspekta mwenye viatu vya kuringa, akamwuliza Bakari alikuwa wapi alasiri ile.

"Nalikuwa kizimbani, bwana," Bakari akasema. "Tangu adhuhuri hata alasiri."

Neno hilo, ndani ya chumba kile, Mzee Jeremia alikuwa akilitafsiri kila siku ya kazi, na kila siku kwa njia moja. Ingia kizimbani. Toka kizimbani. Shika msahafu ukiwa kizimbani. Mdomo wake ulikwenda wenyewe, kama punda anayejua njia ya kisimani. Hakuliuliza linalala wapi. Yeye, aliyenisumbua mimi miezi na miezi.

"I was in the dock," akasema.

Mkaona ilivyo? Ile dock ya mahakama haikuwa na maana, kwa sababu Jumamosi mahakama imefungwa. Basi hakimu na inspekta wote wawili wakaokota dock iliyo karibu, nayo ni ya meli. Furaha ikampanda inspekta kutoka kwenye viatu. Angeuliza swali moja zaidi, uongo ungejitenga. Hakuuliza. "Sina maswali zaidi, Mheshimiwa," akasema, akaketi.

Hakimu akaandika. Kisha akamtazama Bakari kwa huruma, akamwambia, "Wewe umekubali ulikuwa huko dock, pale bandari, hiyo siku. Uko na shahidi?"

Bakari akamtazama Mzee, akamtazama hakimu. Mtu anasema yuko kwao, anaambiwa amekubali yuko kwenye wizi. Nilimtazama nyuma ya zile mbao, na moyo wangu uliniuma, nasema kweli.

Mimi bado nabishana na mdomo wangu, nyuma ya chumba akainuka Bi. Mishi. Mama mfupi, leso mbili, hana haja ya kipaza sauti.

"Mwanangu yuwasema kizimba cha kuku," akasema. "Cha nyumbani kwangu, Mtongwe. Alikuwa yuwakitengeza, fungo wa mwituni ametoboa wavu, amekula majimbi wetu wawili wa kuwika. Huyo mzee wa tai ndiye ampelekaye bandarini. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, kizimba hakijui. Kwao hawafugi kuku? Mwambieni hakimu, mkalimani wake ni zuzu."

Askari akamwendea amtoe. Hakimu akainua mkono. Alikuwa hakupata neno hata moja, Bi. Mishi alikuwa amesema kwa kasi na kwa lahaja ya kwao. Akamgeukia Mzee Jeremia. "Huyu mama anasema nini?"

Sasa, wanangu, jiwekeni hapo. Mtu ambaye hajawahi kukosea. Chumba kimejaa, makarani tunaomcheka tuko mstari mmoja, na chumba kizima hakuna mwenye ruhusa ya kumkosoa kwa Kiingereza ila inspekta, naye hana haja. Angeweza kusema mama anamlilia mwanawe. Angeweza kusema mama anaomba huruma. Ninyi mngesema mama ana mashaka kidogo na tafsiri.

Mzee Jeremia akanyoosha tai. Akamgeukia hakimu, akaanza na "mimi", kama alivyonifundisha. Mwanangu anasema nyumba ya kuku, iliyo nyumbani kwangu. Fungo, wavu, majimbi wawili, vyote akavipitisha. Mzee yule mwenye tai ndiye anayempeleka bandarini. Mtu mzima, kichwa kizima mvi, na kizimba hakijui. Akauliza, kwa sauti ile ile kavu, kama kwao hawafugi kuku. Alipofika kwenye zuzu akasimama kidogo, na nikadhani hapo ndipo atakapopunguza. Kumbe alikuwa akitafuta neno linalolingana. Alilipata, na lilikuwa kali kuliko la Bi. Mishi.

Hakimu akaweka kalamu chini.

Sasa msianze kumlilia. Hakuomba radhi. "Mheshimiwa," akasema, "naomba nieleze jambo la lugha." Na hakimu, kwa ugeni wake, akamruhusu. Akatoa kamusi isiyo na jalada. Akaieleza mahakama kwamba hii dock anamosimama mshtakiwa haitoki kwenye meli kamwe. Wataalamu wanasema huenda imetoka kwa watu wa Ubelgiji, wanaopakana na Uholanzi, nao neno lao lilikuwa la tundu la kufugia kuku na sungura. Wezi wa Uingereza ndio walioanza kuliita hivyo kwa dhihaka, wakijiona wamefungiwa wakingoja kuchinjwa, na mahakama ikalichukua neno la wezi ikalivalisha joho. "Kwa hiyo, Mheshimiwa, nilipotafsiri kizimba cha kuku kuwa dock, nilitafsiri sawasawa. Kiingereza ndicho kilichosahau kwao."

"Kwa hiyo wewe hukukosea," hakimu akasema.

"Nilikosea kudhani kwamba chumba hiki kinajua Kiingereza."

Hakimu akavua miwani, akaifuta muda mrefu, mabega yakimcheza. Kisha akakata mstari alioandika. Kikao kilichofuata akaja jirani, aliyemwazima Bakari koleo na kumshikia wavu upande wa pili mpaka alasiri, mkono wake bado una mikwaruzo. Bakari akaachiwa huru. Inspekta alitoka kwa viatu vyake vile vile, lakini havikulia.

Nilifikiri sana jambo lile baadaye. Babu zetu hawakumwuliza Mbelgiji, na Mbelgiji hakufika Mtongwe. Kila mmoja kwao alimtazama binadamu amesimama nyuma ya mbao, anangoja wenye nguvu waseme, akamkumbuka kuku. Hilo halikunichekesha. Tangu siku hiyo kila nilipomwambia mtu "ingia kizimbani" nilijua ninalomwambia, na sauti yangu niliishusha kidogo.

Mwajiri wa Bakari alimrudisha kazini, ila akamkata mshahara wa siku zote alizosimama mahakamani. Habari ilipotufikia Mzee Jeremia alikuwa na kikombe mkononi. "Kijana huyu amezimaliza," akasema. "Dock ya meli, dock ya kuku, na sasa dock ya mkia. Amebakisha jani." Wenzangu wakacheka. Mimi nilimchukia kutwa nzima.

Kesho yake Bi. Mishi akaja mlangoni mwa mahakama na kuku amemfunga miguu. Kuku wa shukrani, akasema, ni wa mzee wa tai aliyefikisha maneno yake. Mzee akakataa, mtumishi wa mahakama hapokei kuku. Bi. Mishi akaona amedharauliwa, akaanza kukunja leso. Ndipo Mzee akasema, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mama, kama ni shukrani, naomba nionyeshwe hicho kizimba."

Zawadi, ulipoiuliza simu yako mara ya pili, hapa ndipo akili yangu ilipokwenda. Simu yako ina maneno yote ya duniani, nayo haijawahi kuona haya wala kunusa mavi ya kuku. Hakuna mama atakayesimama nyuma ya chumba akaiita zuzu, na akisimama, haitamfasiri. Itakutafsiria vingine vyote.

Tulikwenda Mtongwe siku ya mapumziko, mimi na yeye. Kizimba kilikuwa nyuma ya nyumba, fito za mkoko, paa la makuti, wavu mpya upande mmoja, mlango wa kuinamia. Mzee Jeremia alikizunguka kama mnunuzi wa nyumba. Kisha, mimi nikitazama na Bi. Mishi akitazama, akashika goti, akainama, akaingia ndani mzima mzima na tai yake. Kuku walipiga kelele za kuuawa. Alikaa humo muda wa kutosha kwa Bi. Mishi kuniuliza kama mwalimu wangu ana maradhi.

Alipotoka ana unyoya sikioni na tai imepata rangi ya pili. Akajinyoosha, akasimama mbele ya yule mama, akasema kwa Kiingereza kile kile cha mahakamani, "I was in the dock."

Bi. Mishi akanigeukia. "Yuwasemaje?"

"Asema, nalikuwa kizimbani."

Akamtazama kuanzia sikio hadi viatu. "Mwambie sasa Kiswahili chake chaanza kuiva. Na hilo tai akalifue, lanuka."

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ukalimani. Nikamgeukia mwalimu wangu, nikasogea nimwone mdomo, nikanyoosha leso yangu, na nikamfasiria yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, hata la tai.